Kiongozi Akiwa wa Kwanza Kutubu

Katika kila mtaa wa kanisa wako watu wachache wamjuao mchungaji wao kuliko askofu amjuavyo. Mwenye duka anajua kama hulipa deni lake. Mtumishi wa nyumbani anajua jinsi anavyosema na mkewe mlango ukiisha kufungwa. Mweka hazina anajua kama sadaka iliyohesabiwa Jumapili ndiyo iliyofika benki Jumatatu. Watu hawa huketi kanisani pamoja na wengine, husikiliza mahubiri, na nyuso zao hazionyeshi neno. Lakini mahubiri yale huwa na uzito kwao kwa kadiri ya yale wanayoyajua, wala hapana ufasaha wa maneno uwezao kuuongeza uzito huo hata ratili moja.

Neno hili si geni. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za mtu apasaye kuwa askofu, alitaja ndoa yake, nyumba yake, kileo, fedha, hasira, na ushuhuda wake kwa watu walio nje ya kanisa. Uwezo wa kufundisha aliutaja mara moja tu, tena katikati ya mengine.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hilo lilipata kujaribiwa kwa namna ya peke yake tangu mwaka wa 1929, na watu ambao Kenya waliitwa Ndugu, au watu wa Uamsho, na Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Nyimbo zao na makutano yao makubwa yamesimuliwa mara nyingi. Lakini liko jambo moja katika mwendo wao ambalo latosha kutazamwa peke yake: kwao kiongozi hakutazamiwa kuwa mtu asiye na kosa, bali mtu ambaye kosa lake halikufichwa. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa yule asiyepata kuijaribu.

DAKTARI NA BWANA AFYA

Gahini ni kilima kando ya ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Wamisionari wa Kianglikana walijenga hospitali hapo, na mwaka wa 1928 akafika daktari kijana kutoka Uingereza, jina lake Joe Church, aliyesoma Cambridge. Alifikia katika njaa kubwa. Watu walikufa njiani, na hospitali ikawa na kazi ya kulisha kuliko kazi ya kutibu. Njaa ilipopungua, daktari alikuwa amechoka mwili na roho. Aliona Wakristo ni wengi katika Uganda na nchi za jirani, majina yao yamejaa katika vitabu vya ubatizo, lakini maisha ya wengi wao hayakuwa na badiliko lolote. Na yeye mwenyewe alijiona mkavu.

Mwezi wa Septemba 1929 akaenda Kampala. Jumapili, juu ya kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Huyu alizaliwa mwaka wa 1897, akapata elimu ya juu kwa kadiri ya siku zile, akatumika katika kikosi cha waganga wa Kiafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa Bwana Afya wa Serikali. Alikuwa ametumaini sana kupelekwa ng'ambo kusoma. Nafasi ile hakuipata, na uchungu wake ulikuwa mkubwa. Katika uchungu ule, mwaka wa 1922, ndipo alipomgeukia Mungu kwa moyo wote. Baadaye aliiacha kazi yake, akaacha na viatu pia, akawa anakwenda kwa miguu mitupu na kanzu nyeupe, akimwuliza kila amwonaye kama ameokoka. Msomaji na akumbuke kwamba siku zile viatu na mshahara wa Serikali ndivyo vilivyokuwa alama za mtu aliyeendelea. Aliyeviacha kwa hiari yake mwenyewe alidhaniwa ameingiwa na wazimu, na wengi walimdhania hivyo Nsibambi.

Daktari akamwuliza ni kitu gani kinachopungua katika Kanisa la Uganda, na katika nafsi yake mwenyewe. Wakaketi pamoja kwa siku mbili, wakifuata katika Biblia kila palipotajwa habari za Roho Mtakatifu.

Ajabu haikuwa kusoma Biblia, kwani Biblia ilisomwa kila mahali. Ajabu ilikuwa ni nani aliyemwuliza nani. Mzungu wa mwaka wa 1929 alimfundisha Mwafrika, alimwamuru, alimtibu, na pengine alimpenda kwa kweli. Lakini kumwendea na kukiri kwamba amepungukiwa, na kumwomba msaada wa roho, hilo lilikuwa jambo la nadra sana. Yote yaliyofuata Gahini yalitoka katika mlango ule mdogo.

YOSIYA KINUKA

Nsibambi alikuwa na ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi. Mwaka ule ule wa 1929 Blasio alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Kwa Mganda aliyesoma, kuiacha Kampala na kwenda kufundisha katika kilima cha Rwanda hakukuwa kupanda cheo.

Mkubwa wa watumishi wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka. Yosiya hakupendezwa na mwalimu huyu mpya aliyesema waziwazi juu ya dhambi, naye hakuwa peke yake. Kazi ya hospitali yenyewe ilikuwa ikienda kwa manung'uniko. Hata siku moja Yosiya akapata safari ya Kampala, akafika kwa Nsibambi, ili amwone mtu huyo aliyemgeuza Blasio kuwa vile. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali. Yosiya akaeleza kila kilichoharibika, na makosa ya kila mmoja.

Nsibambi alisikiliza, kisha akamjibu kwamba sababu ya hayo yote ni dhambi iliyo moyoni mwa Yosiya mwenyewe.

Jibu hilo lastahili kufikiriwa sana na mtu yeyote aliyewekwa juu ya wenzake. Nsibambi hakusema kwamba watumishi wa chini hawana kosa. Hakusema kwamba daktari Mzungu ni mwema au ni mbaya. Hakuuliza hata kama masimulizi ya Yosiya ni ya kweli. Huenda yalikuwa ya kweli kabisa. Karani mkuu, nyapara wa shamba, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, kila mmoja anayo orodha kama ile ya Yosiya, na mara nyingi orodha hiyo ni sahihi. Ubaya wake ni kwamba jina la mwenye kuiandika halimo.

Yosiya alikasirika, kama ambavyo mtu yeyote angekasirika. Lakini akiwa ndani ya lori, katika safari ndefu ya kurudi Gahini, aliona kwamba aliyoambiwa ni kweli, akajitoa kwa Mungu pale pale njiani. Alipofika aliungama mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwaamuru. Wakubwa wengi huogopa kwamba mtumishi akiisha kusikia bwana wake akitubu, hatamtii tena. Haikuwa hivyo Gahini. Yeye na Blasio wakawa marafiki, na hatimaye Yosiya akawekwa kuwa kasisi.

Mwaka wa 1933, baada ya Krismasi, Wakristo wa Gahini walikutana kwa siku kadhaa za mafundisho na sala. Siku ya mwisho mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake, kisha mwingine, kisha mwingine, na jambo hilo likaendelea kwa saa mbili na zaidi. Tangu hapo habari zilianza kuenea Kigezi, Ankole na Buganda. Watu walirudisha vitu walivyoiba: mali ya Serikali, mali ya mabwana wao, mali ya madukani. Wako waliopata hasara kwa kuungama kwao, kwani si kila bwana aliyerudishiwa mali yake alisamehe.

JUMA MOJA LA KUJIFUNGIA

Blasio aliwekwa kuwa shemasi mwaka wa 1934, na kazi yake ilikuwa kuwaandaa wainjilisti. Kwa macho ya watu alikuwa amefaulu. Alikuwa na cheo, wanafunzi, na sifa njema. Lakini mwaka wa 1935 alijiona hana nguvu ya kuwahudumia, akaacha kazi kwa juma moja, akajitenga peke yake na kusali.

Hapo pana neno la kuwafaa viongozi wa leo, ambao shajara zao zimejaa mikutano ya kamati, harambee na maziko. Mwenye kazi nyingi huweza kupungukiwa asitambue, kwa maana kazi ile ile humfanya aonekane mzima. Blasio aliiacha kazi ili ajue hali yake. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, na wote waliomsikia baada ya hapo walishuhudia hivyo. Neno lake kubwa likawa Zukuka, maana yake Amka, na aliwaelekezea hasa makasisi na waalimu wa kanisa, siyo wapagani.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1936 alisafiri kwenda Kampala, ambako sinodi ya Kanisa la Uganda ilikuwa karibu kukutana. Alikuwa ameandaa mambo matatu ya kuyaleta mbele yake. La kwanza, ni kwa sababu gani Kanisa limepoa na kuwa kama mfu. La pili, kwa nini watu wanaojulikana wazi kwamba wanaishi katika dhambi wanaruhusiwa kukaribia Meza ya Bwana bila kuonywa wala kutubu. La tatu, lifanyike nini ili Kanisa liamke.

Lile la pili ndilo lililochoma. Maswali ya jumla hayamuumizi mtu. Kila sinodi yaweza kukubali kwa kauli moja kwamba Kanisa limepoa, kisha wajumbe wakaenda kunywa chai. Lakini kuuliza juu ya Meza ya Bwana ni kuuliza juu ya majina. Huyu chifu mwenye nyumba ya pili inayojulikana na watu wote, huyu mzee wa baraza mlevi, huyu tajiri atoaye sadaka kubwa: ni nani aliyewaruhusu? Jibu lilikuwa kwamba makasisi wenyewe waliwaruhusu, wengine kwa hofu, wengine kwa heshima, na wengine kwa sababu hawakuwa na kifua cha kumwonya mtu juu ya jambo ambalo wao wenyewe walilifanya kwa siri. Ndipo ionekanavyo kwamba usafi wa kiongozi si mali yake peke yake. Akiupoteza, hupoteza na uwezo wa kumwonya mwenzake, na kundi zima hukosa mlinzi.

Blasio hakufika mbele ya sinodi. Alishikwa na homa ya papasi, akafariki mwezi huo wa Januari 1936, angali kijana. Maswali yake hayakuzikwa naye. Askofu Stuart aliyaleta mbele ya wajumbe, na Kanisa la Uganda likafanya mpango wa mahubiri ya kuwaamsha watu nchi nzima katika mwaka wa 1937, mwaka wa kutimiza miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wa C.M.S. kufika Buganda.

GHARAMA YAKE

Haifai kudhani kwamba mambo hayo yalipokelewa kwa furaha na kila mtu. Katika chuo cha makasisi cha Mukono walikuwako wanafunzi wa Uamsho, na mmoja wao alikuwa William Nagenda. Waliamka alfajiri na mapema kusali na kuhubiri, wakasema waziwazi juu ya wizi na uzinzi chuoni, na juu ya mafundisho ya waalimu ambayo waliona yanaipunguza Biblia. Mkuu wa chuo aliwakataza. Hawakukubali kuacha. Mwezi wa Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, na wengi wao hawakupata tena kuwekwa makasisi. Nagenda alihubiri katika nchi nyingi za dunia hata kifo chake mwaka wa 1973, akiwa si kasisi.

Ni vigumu kuwahukumu. Wanafunzi wale walisema kweli, kwani uovu walioutaja haukuwa wa kubuni. Lakini mkuu wa chuo naye alikuwa na neno lake: shule haiwezi kuongozwa na wanafunzi, na kijana anayemwita mwalimu wake kutubu kila asubuhi aweza kujisahau mwenyewe. Huenda pande zote mbili zilihitaji lile jibu alilopewa Yosiya Kinuka. Hata hivyo, gharama ililipwa na upande mmoja.

Mwaka wa 1937 wahubiri wa Uamsho walifika Kabete, na Kenya ikaanza kusikia habari hizo. Miongoni mwa waliozipokea alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye mwaka wa 1955 aliwekwa kuwa askofu huko Namirembe pamoja na Festo Olang', nao wakawa Waafrika wa Kenya wa kwanza kupata daraja hilo katika Kanisa la Kianglikana. Kabla ya hapo Ndugu wa nchi ya Wakikuyu walikuwa wamepita katika moto. Baada ya Serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao hao hao walikataa kupokea bunduki za Serikali ili wawe Walinzi wa Nyumbani. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa. Walichosimamia hakikuwa siasa ya upande wowote. Walisema hawawezi kumhubiri jirani habari za damu ya Kristo na huku wamejifunga kwa kiapo kumwaga damu ya jirani huyo, au wamechukua silaha ya kumwua.

Lakini kila kitu chema chaweza kuvaliwa kama koti. Kadiri miaka ilivyopita, kuungama nako kulipata desturi yake: maneno yale yale, kwa mpango ule ule, katika kila mkutano. Mtu alijifunza kutaja dhambi ndogo kwa sauti kubwa, na ile kubwa akabaki nayo. Wengine walianza kupima wokovu wa mwenzao kwa mavazi, na baadaye likatokea kundi lililokaza masharti hata kukataza kukopa. Ndugu wakagawanyika, hawa wakidai wameamka kuliko wale. Hii haikuwa bahati mbaya tu. Mtu aliyepata heshima kwa kutubu hujaribiwa kuilinda heshima hiyo, na njia rahisi ya kuilinda ni kutotubu tena kwa kweli.

Waliookoka na mtego huo ni wale ambao toba yao ilikuwa na anwani, yaani iliwaendea watu fulani waliokosewa. Mmoja wao ni Festo Kivengere wa Kigezi. Alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwaka wa 1941, na mwaka wa 1972 akawa askofu. Jina lake lilijulikana mbali baada ya mwaka wa 1977, kwa sababu ya mambo yaliyompata Askofu Mkuu Janani Luwum. Mwezi wa Februari mwaka huo maaskofu wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua wakilalamikia mauaji na maonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kivengere alikimbia nchi pamoja na mkewe Mera, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, kwa kuwa lilisema anampenda Idi Amin.

Watu waliuliza mtu anawezaje kusema hivyo bila unafiki. Waliomfahamu tangu zamani walijua kwamba hakuanzia kwa Amin. Mara tu alipookoka alipanda baiskeli akaenda mwendo wa maili 50 hivi, ili kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Mzungu yule hakuwa amejua kwamba anachukiwa.

Na iko habari nyingine ambayo Kivengere mwenyewe alipenda kuwasimulia wachungaji. Siku moja alikuwa ametengana na mkewe kwa maneno, na saa ya kwenda kuhubiri imekaribia. Akajisemea kwamba watu wanangoja, atahubiri kwanza, kisha atarudi kupatana naye. Alipokuwa akiondoka aliona moyoni kana kwamba Roho wa Mungu anamwambia aende tu akahubiri, lakini Yeye atabaki jikoni pamoja na Mera. Kivengere akaweka Biblia yake chini, akarudi jikoni.